Taa ya Kufukuza Wageni

Mchumba wangu alikuja Kasulu kutoka Tanga kuuza vitenge, ile miaka ya tisini mji ulipojaa wageni na biashara. Suala la dini wazee walishalimaliza, mahari walishakubaliana. Kilichokwama ni kazi ya marehemu baba yake.

"Alikuwa akiwasha taa," alimwambia baba yangu.

"Na mchana?"

"Mchana alikuwa akifuta vioo, mzee."

Baba alinitazama kana kwamba nimemletea mbuzi kilema. Maskini mchumba akajieleza: mnara mrefu kisiwani, taa ya mafuta, vioo vinavyozungushwa na uzito unaoshuka polepole kwenye mnyororo, na baba yake kuupandisha tena kwa mkono kila ukifika chini. Kila mnara una mmweko wake, nahodha akiuona anajua alipo, anakwepa miamba.

"Kwa hiyo watu wakiona taa, wanageuza?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukoo wa mabahili," baba akasema. "Binti yangu haendi huko."

Msimcheke baba. Kwetu karabai ikitundikwa nje, maana yake pombe ya ndizi imeiva, kila mtu achukue mrija wake aje. Lakini mimi nilikasirika, nikalia, nikagoma kula. Nilimpenda yule mtu mrefu asiyejua hata kushika jembe.

Yeye akaamua kuonyesha kwa vitendo. Nyuma ya nyumba tulikuwa na shimo la kuivishia ndizi, limefunikwa majani tu. Giza lilipoanza kuingia, akachomeka mti kando ya shimo na kutundika karabai ya dukani kwake.

"Sasa utaona, mzee. Hakuna atakayetumbukia."

Aliyetumbukia ni baba mkubwa. Alikuja mbio, mrija mkononi, macho kwenye taa, akazama kwenye ndizi mbivu hadi kiunoni. Nyuma yake wakaja majirani wa kilima kizima, wanaimba.

"Mwana wanje," yaani mwanangu, baba mkubwa akamuuliza mchumba wangu kutoka shimoni, "pombe iko wapi?"

Nilijua ndoa yangu imeishia mle shimoni. Baba akashika mbavu, akacheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa shati.

"Kijana, mchukue," akasema. "Lakini siku mtakayowasha taa kwenu, sisi hatugeuzi."