Mgongo wa Rubani Bwanausi

Mwaka alioumia mgongo ndio mwaka ambao heshima ya Bwanausi bin Alawi ilipanda mjini Bagamoyo. Alikuwa rubani, mtu wa kuipokea meli nje ya mafungu ya mchanga, kuiingiza salama na kisha kuitoa, na hadi hapo watu walimheshimu kwa kadiri ya kazi yake, basi. Ghafla akaanza kutembea wima kama mlingoti. Hakuinama kumwamkia mtu. Akiitwa hakugeuza shingo. Aligeuka mwili mzima, polepole, kama mtu mwenye mashamba Unguja. Wazee wa mji wa kale wakasema sasa amekomaa. Bwana Shauri, Mwingereza aliyekaa bomani na kumpa kila mwaka karatasi yake ya urubani, alisema angependa askari wake wasimame vile.

Ukweli ni kwamba mwanzoni mwa mwaka 1933 aliteleza kwenye ngazi ya kamba ya meli moja, akaangukia ukingo wa mashua kwa kiuno. Wapiga makasia walicheka. Naye akacheka, na hilo ndilo lililomponza, maana mtu aliyekwisha kucheka hawezi tena kesho yake kusema kwamba ameumia. Kila mwaka Bwana Shauri aliuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: mzima? Na kila mwaka Bwanausi alijibu: mzima.

Waliojua walikuwa wawili. Wa kwanza ni mkewe, Mwanahija, ambaye kila alfajiri alimzungushia kiunoni masombo, kitambaa cha pima tatu, akimkanyaga nyonga kwa mguu mmoja ili apate kukaza. Ndiye aliyemkanda kwa mchanga wa moto, akamsugua mafuta ya ufuta, akampeleka kuumikwa, kutolewa damu kwa pembe, akamletea kutoka kwa mwalimu kombe la kunywa, aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji. Kila tiba ilisaidia kwa siku tatu, kisha mgongo ulirudi kwake kama mpangaji. Msikitini akawa haonekani, kwa sababu kuswali ameketi mbele za watu kungetoboa siri. Aliswali nyumbani, na mji ukakata shauri kwamba cheo kimemlevya.

Wa pili ni Mbaruku, kaka wa Mwanahija, aliyekuwa mshika usukani wake. Desturi ya marubani wa pale ilikuwa kuingia melini na mtu wao wa usukani, asiyesikiliza amri ya mwingine yeyote, hata ya nahodha. Ilikuwa desturi nzuri, kwa kadiri rubani alivyokuwa hakosei.

Tabu kubwa haikuwa kuingiza meli. Tabu ilikuwa kuitoa, kwa kuwa alama za njia zilikuwa nchi kavu: paa la bati la ghala ufukweni, na nyuma yake, mbali, mti mrefu wa mvinje. Vikisimama mstari mmoja, uko njiani. Mvinje ukichomoza pembeni mwa paa, umeanza kupotea. Baba yake alimfundisha kanuni fupi: simama omoni, mbele kabisa ya chombo, geuka utazame nyuma, mti ukienda mkono wako wa kushoto, agiza kushoto, ukienda kulia, agiza kulia. Ufuate mti. Kwa miaka ishirini Bwanausi aliufuata mti, na hakuna fungu lililomjua.

Sasa alikuwa hawezi kugeuka, na kila mara kuzungusha mwili mzima kama jiwe la kusagia kungewafanya mabaharia waulize. Ndipo akaomba kioo cha Mwanahija, kioo kidogo cha mviringo kilichokuja naye kutoka kwao siku ya harusi. Alikificha katika kiganja, akasimama akitazama mbele kama kawaida, na humo kiganjani akayaona paa na mvinje nyuma yake. Mabaharia walidhani ni kitabu cha dua.

Ila kioo kina tabia yake. Mti ulio mkono wako wa kushoto unapogeuka kutazama nyuma, kiooni uko mkono wa kulia. Bwanausi aliliona hilo siku ya kwanza, akajifunza upya kazi aliyoijua tangu ndevu hazijaota: mti ukienda kulia, agiza kushoto, ukienda kushoto, agiza kulia. Usiufuate mti, ukimbie. Miezi minane aliukimbia, na meli zikatoka salama. Mbaruku alimwambia kwa mzaha kwamba akizeeka atajifunza kushika usukani kwa miguu.

Halafu ikaja siku ya nafuu.

Ilikuwa mwaka 1934, maji ya bamvua, yale makubwa kuliko yote ya mwezi. Meli ndogo ya moshi iitwayo Zohali ilikuwa imepakia kopra na kungoja maji yajae. Mwanahija alikuwa amemkanda kwa siku tano mfululizo, na asubuhi hiyo Bwanausi aliamka, akainama kuchukua viatu vyake, akavipata. Akakaa akivitazama. Hata masombo alitaka yalegezwe kidogo.

Basi walipofika katikati ya mafungu, hakutoa kioo. Aligeuka. Aligeuka kwa kiuno chake mwenyewe, kama zamani, na raha aliyoipata haina maelezo kwa mtu mwenye mgongo mzima. Akaliona paa. Akauona mvinje umechomoza mkono wa kushoto. Na miezi minane ikasema kwa kinywa chake, "Kulia."

Mbaruku alikuwa anatazama mbele, na maji ya mbele yalikuwa yamebadilika rangi. "Kulia, Rubani?"

"Kulia. Au leo nimekuwa mgeni hapa?"

Mbaruku akapeleka kulia. Zohali ikapanda fungu taratibu, kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, ikalala. Bwanausi alirushwa kwenye ukingo, na mgongo ukarudi pamoja na jamaa zake wote. Maji yalipokupwa, meli ilibaki mchangani, na kwa kuwa ilipanda kwa bamvua, ilibidi kungoja bamvua jingine. Kwa siku kumi na nne wanawake waliokwenda kuokota chaza waliizunguka, wakaigonga tumbo, wakaulizana itaolewa lini.

Siku ya tatu rubani na mshika usukani wake waliitwa bomani. Bwanausi alitoka nyumbani na ukweli ameushika vizuri. Njiani akauangalia upya. Kusema aliagiza kulia kulihitaji kueleza kwa nini. Kueleza kwa nini kulihitaji kioo. Kioo kilihitaji mgongo. Na mgongo ungechukua karatasi. Rubani bila karatasi ni mtu aliyesimama ufukweni. Bwana Shauri alipouliza uliagiza upande gani, akasema:

"Kushoto, Bwana."

Bwana Shauri akamuuliza Mbaruku, aliyesimama nyuma ya Bwanausi. Mbaruku alikitazama kisogo cha shemeji yake kwa muda wa mtu kukunja tanga. Kisha akasema kwamba Rubani akisema ni kushoto, basi ni kushoto.

Mbaruku alihesabiwa kuwa amekwenda kinyume cha amri, akapigwa marufuku kushika usukani wa chombo chochote cha pwani ile. Alikwenda Fukayosi, kwa wakwe zake, kulima muhogo na mpunga. Bwanausi alibaki na karatasi.

Asubuhi iliyofuata Mwanahija alimfunga masombo kama kawaida, akamkanyaga nyonga, akavuta. Akamuuliza, "Kaka yangu ulimwambia kulia au kushoto?"

"Kushoto."

Akavuta tena, akafunga fundo. Halafu akachukua kioo chake kutoka kwenye kanzu iliyotundikwa, akakifuta, akakirudisha sandukuni. Hata hivyo hakuacha kumfunga hata siku moja katika miaka iliyofuata. Bwanausi angependa zaidi kama angeacha.

Bila kioo na bila Mbaruku, karatasi ilidumu miezi kumi na mmoja. Siku moja alishindwa kuipanda ngazi, wapiga makasia wakiangalia, na safari hii hakuna aliyecheka. Meli zenyewe zilikuwa zimeanza kupungua. Mizigo ilipita Kerege kwa malori kwenda Dar es Salaam, na malori hayahitaji mvinje. Akawa mtu aliyesimama ufukweni, wima kuliko wote.

Kila mwaka, Idi ikikaribia, kutoka Fukayosi lililetwa kapu la makopa ya muhogo, na aliyelileta alikuwa na salamu ile ile: dada na Rubani wasalimiwe sana. Neno Rubani lilimrudia masikioni hadi mwezi uliofuata. Mwaka wa saba, kapu lilipofika, Mwanahija akalisukuma kwa mguu mpaka mbele yake.

"Hili la mwaka huu," akasema, "kalishukuru mwenyewe."

Bwanausi alikwenda kwa lori, amesimama njia nzima, ameshika fito. Alijua atakalofanya. Mtu akimkosea mwenziwe hivyo, humwendea akapiga magoti, akamshika miguu, na maneno huja yenyewe. Alikuwa ameyafikiria magoti kwa miaka saba.

Mbaruku alikuwa anamenya muhogo uani pamoja na mkewe Sikuzani. Amenenepa kidogo. Aliinuka, akasema, "Shikamoo, Rubani," kwa sauti ile ile ya melini. Sikuzani akaleta kigoda, kifupi kama kawaida ya vigoda. Bwanausi akakitazama. Akashukuru, akasema atasimama. Sikuzani akaleta mkeka. Akashukuru tena.

Akajaribu magoti. Yalikunjika inchi mbili, mgongo ukayazuia, jasho likamtoka. Mtu asiyejua angedhani anajinyoosha. Basi akasema akiwa wima, kidevu juu, kama mtu anayetoa amri:

"Nilisema kulia."

"Najua," Mbaruku akasema. "Nilikuwa hapo."

"Mbona hukumwambia Bwana Shauri?"

Mbaruku akaendelea kumenya. Alisema alikuwa tayari kusema. Alikuwa akingoja tu shemeji yake amtazame. "Ungenitazama ukanyamaza, ningejua unaniomba, ningekupa. Ungenitazama ukasema kweli, tungerudi nyumbani wote. Nilikutazama kisogo mpaka macho yakauma. Hukugeuka."

"Nilikuwa siwezi kugeuka."

Lilikuwa jibu la kweli. Masombo yalikuwa yamekazwa siku ile kuliko siku zote. Lakini alipolisikia likitoka, hakuwa na hakika kama angegeuka hata kama angekuwa na kiuno cha mtoto wa miaka kumi, na akaona kwamba Mbaruku pia hana hakika.

"Labda," Mbaruku akasema.

Wakampa dafu, akalinywa wima. Wakaulizana habari za Mwanahija, za mvua, za nguruwe wanaokula muhogo. Lori likapiga honi barabarani. Bwanausi akaaga, akashika njia. Nyuma yake alimsikia Sikuzani, ambaye hakuwa na desturi ya kunong'ona, akisema mgeni huyu kakataa kigoda, kakataa mkeka, na sasa anaondoka hata kutupa jicho nyuma hatupi.

Alipunguza mwendo asikie atakachojibiwa. Siri ilikuwa ya Mbaruku sasa kama ilivyokuwa yake, na kwa neno moja tu, mgongo, Mbaruku angeweza kumsafisha.

"Ndivyo alivyo," Mbaruku akasema, na kisu kikaendelea na muhogo.