Kona ya Magadi

Tangu Zefania, mumewe, afariki masika ya mwaka juzi, Gaudensia alilima majaruba yake ya mpunga huko Mpimbwe peke yake. Watoto wako Nsemulwa, Mpanda mjini, na kila wakipiga simu neno ni moja: njoo ukae huku. Yeye hujibu, "Nikishavuna." Akishavuna, haendi.

Mwaka huu kona ya jaruba la chini ikatandwa na utando mweupe, na mpunga wake ukaungua ncha. Telesfori, mdogo wa marehemu Zefania, alipita akasimama kwenye tuta.

"Shemeji, hapa pamekufa. Ng'oa, nifyatue matofali. Nawe nenda kwa wanao, utazeeka unaongea na vyura."

"Vyura hawanijibu vibaya."

Telesfori alicheka, lakini neno lake hakulifuta. "Jumapili, baada ya misa, nakuja na jembe."

Gaudensia alijua weupe ule ulikotoka. Miaka kumi na minane yeye na Zefania walichomea nyasi za mbugani pale pale, wakachuja majivu kupata magadi ya kupikia maharage. Majivu yaliyobaki waliyamwaga jarubani, wakidhani ni mbolea.

Jumamosi alichuchumaa matopeni, akakagua shina moja moja. Yaliyoungua yalikuwa majani ya chini, yaliyokomaa. Jani changa la katikati lilikuwa kijani kibichi. Akatafuna la chini: chumvi tupu. Akatafuna la katikati: halikuwa na chumvi. Kumbe mpunga ulikuwa unairundika chumvi kwenye majani makuukuu na kuyaacha yafe, ili kiini kipone. Lakini majani hayo yana hesabu yake. Yakiisha, chumvi itapanda juu.

Akakata tuta, akayatoa maji yaliyotuama yaende mtaroni, akaingiza mapya kutoka mfereji. Alipomaliza akarudia.

Telesfori alimkuta Jumapili matope yakimfika magotini.

"Unaosha nini, shemeji?"

"Udongo. Tafuna jani hili. Sasa hili."

Alitafuna, akatema, akalitazama lile changa.

"Haya. Mpaka mavuno," alisema, akaweka jembe begani. "Pasipozaa, unahama."

"Pasipozaa, nahama."

Akaondoka bila kugeuka. Gaudensia alikata tuta mara ya tatu. Maji yalitoka yakiwa na rangi ya chai hafifu, safi kuliko ya jana. Aliinua kichwa kumwonyesha mtu, tutani hakuna mtu, akainama tena.