Kofia Kwenye Kengele ya Karmo

Ng'ombe alirudi zizini amevaa kofia ya mgeni wangu.

Sitanii. Kofia ya sufu, nyekundu, yenye kishada juu, ile ile ambayo mzee Torvald hakuivua tangu tuanze safari, hata mezani. Sasa ilining'inia shingoni mwa ng'ombe, kando ya kengele, na mwenyewe hajulikani alipo.

Dada Buti, mwenye nyumba, alikuwa ametoka na ndoo ya kukamulia. Ndoo ikamponyoka.

Sangbu, mpagazi wangu, akashika kichwa. "Kaka Gyalbu, mzee kaisha. Kofia bila kichwa ni habari ya msiba."

"Funga mdomo. Binti yake yuko nyuma yako."

"Si hajui lugha yetu?"

"Uso wako anaujua."

Ngoja nirudi nyuma kidogo, mnielewe.

Nimezaliwa kwenye bonde hili, kijiji cha chini. Nilikwenda Kathmandu, mji mkuu, kusomea miamba. Nikahitimu, nikagundua miamba haina ajira, nikarudi nyumbani kuwatembeza watu juu yake. Kazi yangu ni kuwatoa wageni nyumba moja ya chai, ndizo nyumba za kulala wageni huku, hadi nyingine, kupanda bonde na kushuka, nikihakikisha wamekula, wamelala na hawajafa.

Hiyo ilikuwa safari ya mwisho wa msimu. Magoti yalikuwa yananiuma. Mdomo ulikuwa umechoka kuliko magoti.

Kuna maneno mwongoza wageni huyasema mpaka yanakosa ladha. Taratibu. Kunywa maji. Ng'ombe wakipita, simama upande wa mlima, usisimame upande wa korongo. Na hili: ukuta uwe mkono wako wa kulia.

Nazungumzia kuta za sala, zile za mawe yaliyochongwa maandishi, zinazokaa katikati ya njia. Ukipanda, unapita kushoto kwake. Ukishuka, vilevile ukuta uwe kuliani, kwa hiyo unashukia upande wa pili. Mtoto wa kwetu anaanza kuuzunguka hivyo akiwa bado mgongoni kwa mama yake.

Siku ya kwanza tu, mzee Torvald akataka kuupita kinyume.

"Kushoto!" nikamkemea. "Ukuta uwe kuliani. Kila siku, kila ukuta."

"Kwa nini?"

Sababu ninayo. Nimeshawaeleza wageni sijui wangapi. Siku hiyo pumzi ya kuieleza sikuwa nayo.

"Ndiyo sheria."

Akaitikia kwa kichwa. Hakununa. "Kuna sheria nyingine?"

"Usiukalie. Usiupande. Usiuruke."

"Sawa."

Mzee huyo alitoka Norwei, na binti yake, Sunniva. Maisha yake yote alichonga mawe ya makaburini. Basi kila tukifika kwenye ukuta anasimama, anavaa miwani, anapitisha kidole juu ya maandishi bila kuligusa jiwe. Sangbu akamwonea huruma.

"Anatafuta nini pale?"

"Anaangalia mkono wa fundi."

"Fundi keshakufa zamani. Mwambie atembee, mgongo unaniua."

Tukafika kijiji cha juu kabisa, Kyungsar, kwa Dada Buti. Hapo mzee akaanza kuharibika. Viazi hakumaliza. Usingizi haukuja. Asubuhi nikamtembeza kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, akayumba. Hivyo ndivyo ugonjwa wa mwinuko, wa hewa chache ya juu, unavyobisha hodi.

Nikamwambia ukweli wake. "Leo hatupandi kwenye barafu ya mlimani. Leo ni kupumzika. Kichwa kisipopoa, kesho tunashuka."

Akapiga meza. "Nimekuja kuona barafu, Gyalbu! Sikuja kunywa chai!"

Dada Buti akageuka kutoka jikoni. "Ana nini huyo?"

"Anasema chai yako mbaya."

"Mwambie na pua yake mbaya."

Tukacheka. Mzee naye akacheka, bila kujua anachekea nini. Nikadhani yameisha.

Baada ya chakula cha mchana nikajilaza. Nilipoamshwa, dirisha lilikuwa jeupe. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni, na theluji inaanguka ndani yake. Sunniva alikuwa amesimama juu yangu.

"Baba alisema anatoka kupata hewa. Hajarudi."

Viatu vyake havipo. Koti halipo. Fimbo ipo.

Hakuna aliyehitaji kufikiri. Sangbu ndiye alisema kwa sauti: "Kaenda kwenye barafu yake. Mzee mbishi kama nyumbu wa mjomba."

Kijiji kilikuwa kitupu, wengi wameshashuka kukimbia baridi. Tukatoka wenye miguu mizima: mimi, Sangbu, Dada Buti na kaka yake. Sunniva tukamwacha mlangoni akigonga sufuria, ili mzee akisikia ajue nyumba iko wapi.

Juu tu ya nyumba ya Dada Buti ndipo unapoanzia ukuta mrefu kuliko zote bondeni. Unanizidi kimo, na unene wake unatosha mtu kulala. Tukapanda mlima tukiwa kushoto kwake, tukiita. Torvald! Torvald! Upepo unaturudishia jina mdomoni. Tukaumaliza ukuta, tukafika kwenye malisho, njia ya barafu inakoanzia.

Hakuna unyayo. Hakuna kitu.

"Mtu akipotea hufuata sauti ya maji," Sangbu akasema. Ni kweli, imeshatokea. Tukateremka hadi mtoni, tukarudi kwa njia ya chini, tukichungulia nyuma ya kila jiwe. Nilikuwa natafuta koti, lakini macho yangu yalikuwa yameanza kutafuta mwili.

Tukafika nyumbani mikono mitupu. Ndipo Karmo akatokea kwenye ukungu na kofia yake.

Karmo ni jike jeupe la chauri, ng'ombe wa huku mwenye manyoya hadi magotini. Kila jioni hushuka mwenyewe kutoka malishoni kuja kukamuliwa.

Nikamsogelea kabla kofia haijapata maelezo ya kimizimu. Ilikuwa imefungwa kwenye mkanda wa kengele kwa kamba ya buti. Mafundo mawili, yamekazwa.

"Sangbu, njoo uangalie. Maiti hufunga fundo?"

Akaangalia. "Hapana, kaka."

"Na kamba bado ni laini. Haijaganda."

Dada Buti akawa ameshaiacha ndoo. "Basi tumuulize Karmo katokea wapi."

Kwato zake zilikuwa wazi kwenye theluji mpya, ila zilikuwa zinajaa upesi. Tukazifuata kurudi nyuma, safari hii Sunniva akiwa nasi. Kutoka zizini, kwenye kona ya nyumba, mpaka mguuni mwa ule ukuta mrefu.

Hapo zikaingia upande wa kulia. Upande wa kushukia.

Wote tukasimama.

Niseme wazi kwa nini tulisimama. Kuzifuata kwato zile ni kupanda mlima, ukuta ukiwa mkono wa kushoto. Kinyume. Katika watu waliosimama pale, ukimtoa Sunniva, hakuna aliyewahi kufanya hivyo maishani mwake, wala mama yake.

"Tuzunguke," Sangbu akasema. "Tupande upande wetu hadi mwisho, tushuke upande huu. Tutamkuta tu."

"Mwisho ni mbali. Kwato zinafutika."

"Kaka, mimi nina watoto."

"Na huyu ana baba."

Sunniva akanivuta mkono. "Wanasema nini? Kwa nini mmesimama?"

Mimi ni mtu wa miamba. Najua yale ni mawe, najua yametoka jabali gani, najua aliyeyachonga alilipwa kwa shayiri. Nikauambia mguu wangu uende. Mguu ukakaa.

Aliyetupita ni Dada Buti, yule ambaye shanga za sala hazimtoki mkononi, anayeamka kabla ya kuku ili achome ubani.

"Pisheni."

"Dada, wewe?"

"Mawe haya yanasema nini, Sangbu? Si umeyaimba tangu unanyonya?"

"Yanawaombea viumbe wote."

"Wote. Mimi sijaona palipochongwa 'isipokuwa mgeni mwenye pua.'" Akapandisha sketi, akaingia.

Tukamfuata. Theluji ilikuwa imejikusanya upande ule hadi magotini. Kaka yake alikuwa anasali kwa sauti, mfululizo, kama mtu anayevuka moto.

Tulimkuta katikati ya ukuta.

Alikuwa ameketi chini kwenye theluji, amekinga upepo kwa ukuta lakini hakuuegemea. Kichwa wazi, buti moja haina kamba. Midomo ya buluu. Sunniva akamwangukia. Nikamuuliza mzee jina la binti yake, akanitajia la marehemu mkewe, kwa ulimi mzito kama wa mlevi. Nikajua hatuna usiku wa kupoteza. Hapa dawa ni moja tu: kushuka.

Sangbu alikuja na kapu lake la mgongoni, akawa ameshalikata ubavuni, miguu ya mtu ipate pa kutokea. Tukamkalisha mzee ndani, mkanda ukaenda kwenye paji la uso la Sangbu, na yeye akainuka.

"Mzito," akasema. "Amekula mawe?"

Tukateremka, ukuta ukiwa mkono wa kulia.

"Angalieni," Dada Buti akasema nyuma yetu, akihema. "Kupanda tumekosea, kushuka tuko sawa. Ni nusu dhambi. Hiyo nusu nitaibeba mimi, ninyi mbebeni mzee."

Tulimbeba kwa zamu kupita nyumba ya Dada Buti, kupita vijiji vilivyofungwa, hadi kwenye miti. Sitaisimulia njia ile. Ilikuwa mguu huu, halafu mguu huu.

Asubuhi, kwenye nyumba ya chai ya msituni, mzee aliomba mkate. Halafu akaomba mwingine. Ugonjwa wa mwinuko ndivyo ulivyo: ukiuteremsha mapema, unaondoka kama mgeni aliyekosea mlango.

Nikakaa mbele yake na chai. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hasira ilinishinda kuibeba.

"Mzee, nilikwambia usiende kwenye barafu."

Akanitazama kwa mshangao. "Sikwenda."

"Ulikwenda wapi?"

"Kuutazama ukuta. Nilipanda upande wa kushoto nikiangalia mawe, nikazunguka kule juu, nikaanza kushuka upande wa pili. Ukuta kuliani, kama ulivyosema. Kichwa kikapasuka. Miguu ikagoma. Nikakaa."

Kijiko kikabaki hewani mkononi mwangu. Wote tulikuwa tunamtafuta mtu mbishi. Mtu mtiifu alikuwa amekaa anatusubiri.

"Ng'ombe ndiye alinipata," akaendelea. "Akasimama kunipumulia. Hewa yake ilikuwa ya moto. Nikajua ana kwao, ana kengele."

"Tulipita pale tukikuita."

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Jina langu. Mlikuwa upande wa pili. Nilimsikia hata Sangbu akikohoa. Nikaita, sauti haikutoka."

Sangbu, aliyekuwa amelala chali kwenye benchi, akafumbua macho. Nikamtafsiria. Akakaa.

"Mzee," nikasema, "kati yetu palikuwa na upana wa kitanda. Ungeukwea ukuta. Ungejiinua tu ukapunga mkono tungekuona."

"Ulisema nisiupande."

Nikaweka kikombe chini.

"Kuinuka kwa kushikilia mawe ningeweza," akasema. "Nilifikiria. Lakini ulisema, tena kwa ukali. Halafu ile ni kazi ya mikono ya mtu. Mimi huwa sikanyagi kazi ya fundi bila sababu." Akavunja mkate. "Sasa utaniambia sababu yake? Nilikuuliza siku ya kwanza."

Nikamwambia. Kwamba tunauzunguka kufuata mwendo wa jua. Kwamba hatuupandi kwa sababu ni sala, na sala haikanyagwi. Na kwamba maneno yale, jiwe baada ya jiwe, bonde zima, ni mamoja: huruma kwa kila kiumbe, kila kiumbe kitoke kwenye mateso.

Mzee akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa, Sunniva akampiga mgongoni.

"Gyalbu," akasema, akifuta machozi, "ungeniambia hivyo tangu mwanzo, ningeupanda."

Sangbu akaniuliza kasema nini. Nikamwambia. Hakucheka. Akajilaza tena, akageukia ukutani.

Dada Buti ameshailipia ile nusu dhambi. Aliuzunguka ukuta majira yote ya baridi, asubuhi na jioni, hadi jirani zake waliporudi wakaona ni kupita kiasi. Karmo hakudaiwa kitu. Yeye alishuka upande wake halali, ukuta kuliani, kama aliyelelewa vizuri.

Mimi bado nawatembeza watu. Magoti ni yaleyale na mdomo ni uleule. Ila tukifika ukuta wa kwanza nawasimamisha wote, hata kama mvua inanyesha, hata kama Sangbu ananung'unika nyuma na mzigo. Nawapa sheria, kisha nawapa na sababu yake, neno kwa neno, hata nikiwa sina pumzi.

Msomaji, kama una mtu unayemfundisha, mtoto, mwanafunzi, mfanyakazi, usimpe sheria ukambania sababu. Anayejua sheria peke yake ataketi kwenye theluji akusubiri. Anayejua sababu atajua lini apande ukuta.