Kila Jumatatu Gari Haiwaki

Mdomo wangu ni mkali, Buyenzi nzima inajua, na muuza betri wa mtaa wa pili anajua kuliko wote. Nilimfuata dukani kwake asubuhi moja, betri yake iko kwenye beseni kichwani kwangu, nikamwambia mbele ya wateja kwamba ameniuzia mzoga. Hakugombana nami. Aliipima, akasema betri yenyewe ni nzima, ila kuna kitu ndani ya gari kinainyonya. Nikamjibu kuwa anayeninyonya ni yeye. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Hasira ile ilikuwa na chanzo chake. Mwaka jana mume wangu alipata kiharusi. Kilimlaza upande wote wa kulia, kikamwachia neno moja moja, leo "maji", kesho "baridi". Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa mbili asubuhi lazima awe hospitali ya Kamenge kwenye mazoezi ya viungo, na basi hawezi kupanda kwa sababu mguu haukunjiki. Kwa mazoezi hayo mguu wenyewe ulikuwa umeanza kunyanyuka. Niliuona kwa macho yangu unyayo ukiachana na sakafu, nikalia palepale mbele za watu.

Ndipo gari ikaanza visa. Jumatano inawaka. Ijumaa inawaka kwa kukohoa. Jumatatu, ikishalala siku mbili, kimya. Tukakosa Jumatatu mbili mfululizo. Mama anayemfanyisha mazoezi ni mpole, lakini hakunificha: wanaongoja nafasi ni wengi, na tukikosa mara ya tatu atampa mwingine.

Jumatatu ya tatu nilitoka alfajiri. Wanaume waliokuwa wanatoka msikitini wakapandisha kanzu zao, wakaisukuma gari mpaka ikawaka, na mmoja akachafua kanzu nyeupe pe. Tulifika. Lakini pale hospitali sikuthubutu kuzima injini, na esansi, mafuta ya gari niliyoyapata kwa foleni ya siku mbili, ikawa inaungua bure huku nikiiangalia. Mazoezi yalipokwisha nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa umeme wa magari, jirani yetu hapa Buyenzi.

Fundi hakuja kwangu. Alikwenda dirishani kwa mume wangu, akampa salamu kamili, akamuuliza hali na usingizi, akaushika ule mkono wa kushoto ulio mzima. Nilishangaa kidogo. Tangu augue, watu huniuliza mimi "muzee anaendeleaje?" na muzee mwenyewe amekaa palepale anawatazama. Na mimi ndiye ninayejibu.

Kisha akaingia kazini. Alichomoa waya mmoja wa betri, akaweka taa ndogo kati ya waya na betri. Funguo ninayo mkononi, milango imefungwa, redio imezimwa, na taa ikawaka. Akasema basi mwizi yupo, anakula umeme wakati gari imelala. Akaanza kuchomoa fyuzi, moja baada ya nyingine, na kila akichomoa anaitazama taa. Ya honi, bado inawaka. Ya redio, bado. Ya taa za mbele, bado. Mpaka fyuzi zikaisha zote na taa inaniangalia tu. Nilishaanza kupumua kwa nguvu, maana mchana ulikuwa unafika na jiko langu halijawashwa. Fundi akasema hicho kitu hakipiti kwenye fyuzi kabisa, kuna mtu amekifunga moja kwa moja kwenye betri. Nikamwambia gari ile haijaguswa na mtu.

"Apana mama, si we ninauliza," akasema. Akachuchumaa dirishani. "Muzee, gari ni yako. Kuna waya ulitia wewe mwenyewe?"

Nikafungua mdomo nijibu. Akaniinulia kiganja chake chenye grisi, nikaufunga. Akangoja. Alingoja mpaka mimi nikaona haya.

Mume wangu akanyanyua mkono wa kushoto, akakipiga kiti alichokalia. Nikaruka kufungua mlango, nikasema anataka choo. Kwa wiki tatu nzima, kila gari ilipokataa kuwaka, alikuwa anakipiga kiti hivyohivyo, na mimi namshusha, naita majirani wawili wanisaidie kumfikisha chooni, halafu namgombeza kwa kuwa hakuna kilichotoka.

"Siyo choo," akasema.

Maneno mawili yaliyofuatana, ya kwanza tangu augue. Fundi akaingiza mkono chini ya kiti, akainua zulia, akatoa kidude cha kuchajia simu, kimewaka taa ya kijani, na waya wake umepita chini mpaka kwenye betri. Akaukata, na ile taa yake ya kupimia ikazimika. Mara nikakumbuka. Kabla ya kuugua alikuwa akilala ndani ya gari kwenye foleni za esansi, na foleni nzima inamletea simu awachajie. Alikifunga pale ili kifanye kazi bila funguo. Wakati ule kidude hakikuwa na madhara, maana alikuwa anakwenda kazini bandarini kila siku na betri inajaa njiani. Mimi naiwasha gari mara tatu tu kwa wiki, na betri ikawa inapungua kidogo kidogo.

Alijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa akiniambia, na mimi nampeleka chooni.

Muuza betri nilimpelekea sambusa na kumwomba radhi mbele ya wateja, kama nilivyomtukana mbele yao. Alizila zote, kisha akauliza kama nimetia sumu.

Jumatatu iliyofuata wale wa msikitini walikuwa wamesimama tayari, pindo za kanzu mkononi. Nilizungusha funguo mara moja, ikawaka, wakasema alhamdulillahi kwa pamoja, nami nikaitika kwa moyo wangu wote. Nawaombea mpaka leo, wao na yule fundi aliyenifunga mdomo.

Tulipofika Kamenge nilizima injini. Nikamgeukia mume wangu. "Nisamehe, muzee," nikasema, kisha nikangoja.

Akakipiga kiti. Mkono wangu ulikuwa umeshafika mlangoni nilipomsikia anacheka, kwa nusu ya mdomo.