Swala Walioshonwa

Nilishona sare za shule pale Kilosa kwa miaka thelathini, mpaka magoti yakakataa pedeli ya cherehani. Nikahamia kwa binti yangu, hapo hapo Kilosa, nikawa mtu wa kuwekewa kiti barazani na kuulizwa kama nimekunywa dawa. Sijawahi kuchoka kushona kama nilivyochoka kukaa. Nilitaka kazi moja tu ya mikono, kabla mikono nayo haijaniaga.

Ndiyo maana kila Jumanne nilipanda gari la asubuhi kwenda Mikumi, kujifunza kwa kijana mwenye kibanda kando ya barabara kuu. Yeye huchora wanyama kwenye vibati vya shaba kwa nukta tupu. Anashika msumari ulionolewa, anaugonga kwa nyundo ndogo, nukta moja, nyingine, mpaka maelfu. Zikisongamana ni kivuli, zikiachana ni mwanga. Lori likipita kwenye tuta meza hutetemeka, kwa hiyo unainua msumari na kusubiri. Nadhani nusu ya nilichojifunza ni kusubiri malori.

Kijana ni rika la mwanangu wa mwisho. Ananipa shikamoo, naitikia marahaba, ananipa kiti pekee chenye mgongo, na baada ya hapo hawezi kuniambia neno baya. Nikimaliza kuchora swala mmoja, anamtazama na kusema, "Hongera mama, mkono unakuja." Kisha anamweka kwenye droo. Kwa miezi minne mkono ulikuwa unakuja tu, haufiki.

Siku moja alipokwenda kuchukua chai, nilifungua droo kutafuta msasa. Swala wangu wote walikuwa humo. Hakuna hata mmoja aliyetundikwa nje kuuzwa. Nikawapanga mezani, nikavaa miwani. Nukta zilikuwa zimenyooka safu kwa safu, na kila mgongo ulikuwa na pindo kama mfuko wa shati. Nilikuwa nimewashona. Nilisikia aibu, kisha hasira, maana afadhali angenitukana.

Aliporudi na vikombe viwili nilijiinua kwa shida, nikamwambia, "Shikamoo, fundi."

Chai ikamwagika.

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Humu ndani mimi ni mwanafunzi wako. Niambie kama mkono huu unafaa, au nikae nyumbani nipumzike."

Malori mawili yakapita. Halafu akachukua kibati kimoja, akakiinamisha kwenye mwanga.

"Mkono unao. Lakini huyu umemshona, mama. Ngozi haina mshono. Nukta zitawanye, kama unavyonyunyizia mboga chumvi. Na jicho limekufa. Jicho huwa la mwisho, wewe umeanza nalo."

"Nifute?"

"Futa wote. Anza upya."

Hakuniambia pole. Nikachukua msasa, nikasugua swala mmoja baada ya mwingine, miezi minne ikawa vumbi la njano kwenye kanga yangu. Mgongo uliniuma, machozi yalinitoka, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu niache cherehani.

Jua lilipoanza kushuka alikuwa bado ananikosoa masikio ya swala mpya. Gari la kunirudisha Kilosa likaja, likapiga honi. Nikainua msumari, nikasubiri lipite.