Yoksha ya Mkomani

Sisi tuliosoma Lamu miaka ya sitini tuliijua Yoksha kabla hatujaijua Nairobi. Msicheke. Nairobi ilikuwa mbali na hakuna aliyetuhimiza kuipenda. Yoksha, jimbo la kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa mle mle darasani, imetundikwa kwa uzi wa kushonea kutoka dirishani hadi ubaoni.

Aliyeileta ni Mwalimu Zakayo, Mkristo wa bara mwenye sauti ya kwaya. Alipelekwa huko mwaka mmoja kusomea ualimu, akarudi na furushi la kadi za picha na sweta moja nzito ya sufu. Kiingereza alikimudu, Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kilimtoa jasho. Siku alipofika mtaani kwetu Mkomani kujitambulisha, bibi yangu, Bi Zena, alimwita kutoka ukumbini: "Mwalimu, ndoo! Ndoo!" Kwa Kiamu anamwambia njoo. Mwalimu akatazama huku na huku, akainua ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni, akaingia nayo kwa adabu zote. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Kila Alhamisi baada ya mapumziko, midomo yetu ikiwa bado myekundu kwa mabuyu, Mwalimu alivaa ile sweta. Joto la Lamu mnalijua. Yeye alivaa, akafunga vifungo vyote, akatangaza: "Leo tunatembea!" Madawati yakasukumwa. Mlango wa darasa ukawa lango la York, mji wa huko Yoksha, na mabenchi yakawa ukuta wa mji, tukapita juu yake kwa foleni. Meza ya Mwalimu ilikuwa ngome. Pembe ya mifagio ilikuwa abasia, yaani nyumba ya watawa, iliyobaki kuta tupu baada ya mfalme mmoja mnene kugombana na Papa na kuing'oa paa. Shufaa, rafiki yangu wa dawati moja, ndiye aliyekuwa mfalme siku zote kwa sababu ya umbo lake, naye hakulalamika hata kidogo. Aliamuru tukatwe vichwa, tukakatwa.

"Tazameni hii!" Mwalimu alisema akiishika kadi ya abasia kama mtu ashikaye kifaranga. "Haina paa, haina mlango, majani yameota ndani. Lakini wenyewe hawaruhusu jiwe moja liondoke. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni historia, Mwalimu!" tuliitikia kwa pamoja. Wengi wetu tulikuwa tunawaza chakula cha mchana.

Nyumbani nilimsimulia bibi.

"Mfalme hoyo alikuwa na wake wangapi?" akauliza.

"Sita, bibi."

"Kwa pamoja?"

"La, mmoja baada ya mwingine. Wawili aliwakata vichwa."

"Astaghfirullah! Na watu hufunga safari kwenda kutazama alichokivunja?"

"Wanatoka nchi za mbali, bibi. Wanapiga na picha."

"Basi nti hiyo watu wake hawana kazi."

Sasa, nyuma ya nyumba yetu palikuwa na gofu, nyumba ya mawe ya babu zetu iliyoanguka zamani. Ukuta mmoja ulikuwa bado umesimama, una safu za zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa maua, ambamo mababu waliweka vyombo vyao vya kaure na paka wa zama zetu waliweka watoto wao. Hapo ndipo tulipochezea kibe, tukijificha na kutafutana mpaka tuitwe kwenda chuoni kusoma Kurani.

Shule ilikuwa haina choo cha maana. Kamati ikaamua kijengwe, na mawe yatoke kwenye lile gofu. Bibi alikubali hata kabla ya kuulizwa vizuri. Msimamizi wa kazi alikuwa nani? Mwalimu Zakayo.

Jumamosi asubuhi wakaja na punda na nyundo. Shufaa alinishika mkono. "Wanakuja kuivunja abasia yetu," aliniambia, na nilipomtazama niliona machozi ya kweli. Hatukupanga lolote. Tulipanda tu, tukakaa juu ya ukuta wa zidaka, miguu inaning'inia.

"Shukeni!" akasema Mwalimu.

"Mwalimu, hii ni historia," akajibu Shufaa.

"Hii ni nyumba mbovu!"

"Na ile ya Yoksha, ni nzima?"

Punda mmoja alilia. Mimi nilijua ninachapwa, swali lilikuwa tu na nani kwanza. Bibi alitokea na mwiko mkononi. "Shukeni, mna wazimu nyinyi! Mkivunjika miguu nani atawaoa?"

Mwalimu alisogea ukutani. Akaingiza mkono ndani ya kidaka kimoja, akafuata ua la chokaa kwa kidole, taratibu. Halafu akamgeukia bibi. "Aliyejenga hapa alikuwa nani, Bi Zena?"

"Babu ya babu yangu. Alikosana na nduguye, akainua ukuta huu amzibie upepo. Nduguye alilala kwa joto mpaka kufa kwake."

Mwalimu alicheka, akafuta uso, akaagiza yachukuliwe mawe yaliyokwisha kuanguka tu. Ukuta usiguswe.

Tulishinda, lakini mawe hayakutosha. Choo cha wasichana kiliishia kifuani, hakina paa wala mlango, na majani yakaota ndani. Mvua ikinyesha uliingia na mwavuli, na mwenzako akasimama nje kukukingia kanga. Shule nzima ilitulaani. "Naenda Yoksha" ndivyo tulivyokuwa tukiomba ruhusa, na Mwalimu aliitoa bila kunyanyua macho.

Watoto wa siku hizi wana vyoo vya vigae na York yote imo mfukoni mwao. Mjukuu wangu ukimwambia atembee kutoka kwetu mpaka pwani atakuuliza kama kuna pikipiki.

Mwalimu alihamishiwa bara, habari zake zikakatika. Shufaa na bibi wametangulia mbele ya haki. Gofu liliuzwa, likawa nyumba ya wageni. Juzi nilipita nikamkuta kijana akiwaongoza Wazungu, anawaonyesha ukuta wa zidaka: hapa, anasema, sultani alimjengea mkewe kwa mapenzi.

Nikamvuta pembeni. "Mwanangu, ulijengwa kumzibia mtu upepo."

Akaniinamia kwa heshima. "Shikamoo bibi. Nani alikwambia?"

Nilitaka kumtajia mtu wa kumuuliza. Nikatafuta, nikatafuta, nikaona nimebaki mimi.