Mto Juu ya Sakafu ya Sebule

Mume wangu anaitwa Kapteni, ingawa kazi yake ni kutengeneza friji. Cheo hicho alipewa na wenzake watatu anaoshuka nao mto kwenye boti la mpira: fundi magari, muuguzi mmoja mpole, na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu. Kapteni hukaa nyuma na kasia refu, akiongoza. Akikosea yeye, wote wanakunywa maji.

Jumamosi hiyo walikuja kupanga safari ya kesho yake, na kama kawaida sebule yangu ikageuzwa mto. Godoro la watoto likawa boti, sufuria zangu zikawa mawe. Mvua ilikuwa imenyesha sana huko juu, kwa hiyo hata utani ulikuwa mchache.

Wana desturi yao moja. Kabla ya kupanga, kila mmoja anataja kinachomsumbua, iwe homa, ugomvi wa nyumbani au woga. Hakuna anayecheka, na mwenye tatizo zito anabaki nchi kavu. Muuguzi alisema hajalala vizuri. Fundi alitaja kidole cha mguu. Mdogo wangu alisema yuko fiti.

"Mimi sina neno," akasema Kapteni.

Hana neno! Mtu aliyeteguka bega wiki iliyopita akibeba friji ngazini, mpaka leo namvalisha shati kama mtoto wa chekechea! Alikuwa amenikanya nisimwambie mtu. Nilikuwa nimenyamaza, lakini hapo damu ilinichemka.

"Hapa ndipo penyewe," aliendelea, akionyesha nafasi tupu mbele ya televisheni. "Maji yanatusukuma kwenye jiwe kubwa. Navuta kasia kwa nguvu zangu zote. Nikichelewa, tunapinduka."

"Jiwe lenyewe liko wapi?" fundi akauliza.

"Ile sufuria kubwa, juu ya kabati," nikadakia. Mdogo wangu akainuka. "Wewe kaa. Kapteni ataileta."

Alinitolea macho. Nami nikamkazia. Akasogea kabatini, akainua mkono wa kushoto.

"Kwa mkono wa kulia, mume wangu."

Mkono ulifika kifuani ukagoma. Jasho likamtoka. Muuguzi akamwendea, akamgusa bega, naye akaruka kwa maumivu.

"Ungetuua," fundi alisema, na hakuwa anatania.

Kapteni akajitupa kwenye kochi. "Umeniaibisha mbele ya wenzangu."

"Nuna utakavyo," nikamwambia. "Mradi sikuziki."

Nilishusha pumzi. Safari imekufa, nikajua. Nikainama kukusanya sufuria zangu.

"Ziache kwanza, dada." Mdogo wangu alikuwa ameshakaa nyuma ya godoro, ufagio wangu mikononi. "Shemeji, njoo unionyeshe. Naanza kuvuta tukifika wapi?"

Kapteni alimtazama muuguzi. Muuguzi akamtazama fundi. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Basi mume wangu akashuka kwenye kochi, akachuchumaa nyuma ya mdogo wangu, akamshika kiwiko kwa ule mkono wake mzima.

"Mama ana mtoto wa kiume mmoja tu," nikasema.

Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wanalikaribia jiwe kubwa.